Hata polisi anakatwa pansio: sisi tuulize yetu mapema



Leo tunaandika habari ya mapolisi. Tunajua kuko watakaokunja uso. Sisi polisi tunamujua kwa upande gani? Siku ya greve, ku mulango wa kampuni: yeye na fimbo yake na gazi ya machozi, sisi na mabango yetu. Delege mumoja wa kwetu alipoona kichwa cha habari hii alisema: «Sasa munaanza kutetea bale banatupigaka?» Tukamujibu: soma kwanza mpaka mwisho, halafu utugombeze.

Mapolisi tunaosema leo si wa hapa. Ni wa Marekani, tena ni wazee, waliokwisha kuacha kazi. Kule karibu kila jimbo liko na polisi yake yenyewe. Inatembea ku barabara kubwa, inakamata madereva wanaokimbiza, inafika ku aksida usiku, mu theluji, mbele ya watu wengine wote. Ni kazi inayoharibu mugongo, magoti na usingizi. Ndiyo sababu wanaruhusiwa kutoka mapema. Mu jimbo la New Jersey, polisi akimaliza miaka 25 ya kazi anaweza kwenda retrete na kupata 65 kwa mia ya mushahara wake wa mwisho, na akifika miaka 55 sheria inamutosha, apende asipende. Wewe unayeshuka mu shimo, ao unayesimama ku furu, utaelewa hesabu hiyo mara moja. Mwili unazeeka mbele ya kalenda.

Basi mutu mwenye bunduki ya serkali, aliyepewa ahadi na serkali yenyewe, mu inchi yenye feza kuliko zote, tungezani analala muzuri. Hapana. Wazee hawa wako mu vita ya pansio na ya matunzo miaka na miaka. Mahali pamoja walishindwa, mahali pengine walishinda. Na kile kilichotofautisha hao na hao, kama tukikiangalia muzuri, kinatuhusu sisi wa Katanga kuliko unavyozania.

Tuanze na walioshindwa.

Mu New Jersey, sanduku la pansio lilikuwa na tundu kubwa. Tundu lilitoka wapi? Kila mwezi polisi alikatwa sehemu yake ku mushahara, hakukosa hata mwezi mumoja, juu mukato hauombi mutu ruhusa. Lakini serkali ya jimbo, yenye ilipashwa kuweka sehemu yake pembeni ya ile ya mufanyakazi, ilikaa miaka mingi inaweka nusunusu, na miaka mingine haikuweka kitu. Magavana wa vyama vyote viwili walifanya vile, mumoja nyuma ya mwengine. Ni rahisi: muzee atakayekosa feza hiyo atalia nyuma ya miaka 20, na siku hiyo wewe gavana hauko tena ku kiti.

Siku ya kulia ikafika. Tarehe 28 mwezi wa sita 2011, gavana Chris Christie alitia sahihi ku sheria mupya. Wale walio ku kazi wakaanza kukatwa zaidi: polisi wa jimbo alitoka ku 7,5 kwa mia, akapanda ku 9 kwa mia, na malipo ya asiransi ya matunzo nayo yakaongezwa. Na wale waliokwisha kutoka? Nyongeza yao ya kila mwaka ikasimamishwa.

Hapa tusimame kidogo, juu maneno haya «kusimamisha nyongeza» yanasikilika kama kitu kidogo. Zamani, bei ya vitu ikipanda, pansio nayo ilifwata, si yote, ila 60 kwa mia ya kile kilichopanda. Ndicho walichosimamisha. Hakuna mutu aliyekuja kumunyanganya muzee hata dola moja. Hesabu ku karatasi ni ileile ya 2011. Lakini toka mwaka ule bei ya vitu kule Marekani imepanda zaidi ya sehemu moja ya tatu. Mama anayenunua unga hapa kwetu na feza ya Congo hahitaji mwalimu wa kumufundisha jambo hilo. Noti ni ileile mu mukono, sufuria njo inapunguka. Hiyo ndiyo namna ya akili sana ya kukata pansio: haupigi kelele, hauandiki neno «kukata» mahali popote, unaachilia tu soko likufanyie kazi.

Wastaafu wa serkali wakaenda ku tribinali. Mashauri yakafika mpaka ku tribinali kubwa ya jimbo, na mwezi wa sita 2016 waamuzi wakasema: ndiyo, sheria ya zamani ilitaja nyongeza, lakini haikuandikwa kwa maneno ya nguvu ya kutosha kuifanya kuwa kontra. Ahadi ilikuwako, kufuli haikuwako. Wazee wakarudi nyumbani.

Sasa twende Illinois, jimbo lile lenye muji wa Chicago. Shida yao ilikuwa ni ileile, tena mbaya zaidi: sanduku lenye tundu, serkali isiyolipa sehemu yake, na watu wakubwa wanaosema kwamba muzee ndiye anakula feza za watoto. Mwaka 2012 walianza na matunzo. Sheria ya pale ilikuwa hivi: mufanyakazi wa serkali, polisi wa jimbo akiwa ndani, akitumika miaka 20, akienda retrete serkali inalipa asiransi yake yote ya matunzo. Sheria mupya ikafuta. Toka mwezi wa saba 2013, wazee wakaanza kukatwa ku pansio yao ili kulipia kile walichokuwa wamekwisha kukilipia na miaka 20 ya mugongo. Mwaka ule ule wa 2013 wakapitisha sheria ingine, ya kupunguza pansio yenyewe.

Lakini Illinois iko na kitu New Jersey haina. Mu katiba yake ya mwaka 1970 muko sentensi moja, fupi, unaweza kuisoma bila kuvuta pumzi. Inasema kwamba kuwa memba wa sanduku la pansio la serkali ni kontra, na matunda ya kontra hiyo hayatapunguzwa wala kuharibiwa. Walioiandika walikuwa wamekwisha kuona, mwaka 1970, kwamba masanduku hayajazwi sawasawa, na wakaogopa siku zitakazokuja.

Tarehe 3 mwezi wa saba 2014, tribinali kubwa ya Illinois ikasema matunzo nayo ni tunda la kontra ile. Katiba haikusema «pansio peke yake». Feza zilizokatwa zikarudishwa kwa wazee. Mwaka uliofwata, tarehe 8 mwezi wa tano 2015, waamuzi wote saba, bila hata mumoja kukataa, wakaangusha na ile sheria ya kupunguza pansio. Serkali ilikuwa imelia sana: feza hakuna, tutafunga duka. Waamuzi wakajibu kwamba shida ya feza haifuti katiba, na shida yenyewe si kitu kilichoanguka toka mbinguni. Ilikuwa inajulikana na kuonekana miaka mingi.

Miaka 44 kati ya siku sentensi iliandikwa na siku iliokoa matunzo ya wazee. Wengi wa walioipigania hawakuwa tena mu dunia hii.

Sisi hatusemi waamuzi wa Illinois ni wazuri kuliko wa New Jersey. Hatuwajui. Tunasema tu kwamba kuko ahadi ya mudomo, kuko ahadi ya karatasi, na kuko ahadi yenye kufuli. Muzee wa New Jersey alikuwa na karatasi. Muzee wa Illinois alikuwa na kufuli. Na wewe ndugu, uko na nini mukononi?

Mbele ya kujibu, tuongeze habari ya watu wa kazi yetu kabisa, juu kuko watakaosema «hao ni watu wa serkali, sisi ni wa makampuni». Mwaka 1946, wachimbaji wa makaa wa Marekani walifanya greve kubwa. Serkali ikakamata migodi, na kiongozi wa sendika yao, John L. Lewis, akapatana na waziri Julius Krug: ku kila tani ya makaa inayotoka, senti tano zinaingia mu sanduku la wafanyakazi, la pansio na la matunzo. Musome tena: ku kila tani. Si «kampuni ikipata faida». Si «direksio ikipenda». Tani inatoka, senti zinaingia.

Nyuma ya miaka 70, makampuni ya makaa yakaanza kufilisika, moja nyuma ya ingine, na tribinali zikayaruhusu kutupa muzigo wa wazee njiani. Wazee hawa, wengine mapafu yamekwisha kujaa vumbi, walipanda mabasi kwenda Washington, wamevaa mashati ya rangi ya kijeshi ya sendika yao, wakaingia mu biro za wadepite, wakarudi nyumbani, wakapanda basi tena. Mu 2017 wakaokoa matunzo. Mwezi wa kumi na mbili 2019 wakaokoa pansio, ya wastaafu zaidi ya 90.000. Hawakuwa hata na ile sentensi ya Illinois. Walikuwa na mabasi, na sendika ambayo haikuwafuta mu daftari siku walipovua helme.

Mapolisi wazee nao wanafanya vile. Wako na mashirika yao ya wastaafu, wanalipa muchango, wanaandika majina ya wajane vilevile, kila sheria mupya ikiletwa ku bunge kuko mutu wa kuisoma. Kuko sheria mbili za inchi yote, ya 1977 na ya 1983, ambazo zilikuwa zinapunguzia watu wengi wa serkali, mapolisi, wazima-moto, walimu, pansio yao ingine, ile ya kawaida ya raia wote, juu tu wako na pansio ya serkali. Mujane aliyetumika serkali ilimukata vibaya zaidi: sehemu mbili ku tatu za pansio yake mwenyewe zilitoshwa ku ile ya bwana wake marehemu. Walipigana na sheria hizo miaka 40. Tarehe 5 mwezi wa kwanza 2025, mbele kidogo ya kutoka ku kiti, rais Joe Biden alitia sahihi ya kuzifuta.

Sasa turudi kwetu.

Sheria yetu ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 ndiyo iliyogeuza INSS ya zamani kuwa CNSS. Kwa tawi la pansio, kotizasio ni 10 kwa mia ya mushahara: 5 unakatwa wewe, 5 inaweka kampuni. Umri ni miaka 60, bwana na bibi sawasawa. Mu karatasi, iko muzuri. Lakini umeona namna ya New Jersey: mukato wa mufanyakazi haukosi, ni sehemu ya ule mwengine ndiyo inapotea njiani. Hapa kwetu tunajua hata mabaya kuliko yale. Kuko makampuni, zaidi yale ya kati yanayokodisha watu kwa migodi mikubwa, yanayomukata mufanyakazi kila mwezi, mukato unaonekana muzuri ku fishi ya mushahara, na CNSS haijawahi kusikia jina lake. Muzee mumoja wa jirani yetu alitumika mahali pengi, kampuni mbalimbali. Alipokwenda kuuliza pansio walimuhesabia karibu nusu ya miaka yake. Ile nusu ingine? Kampuni moja ilifunga, ingine ilibadilisha jina, ya tatu ilisema dosie ziliungua. Muzee akatuuliza: «Na mie je, niliungua?» Hatukuwa na jibu.

Kwa matunzo ni mbaya zaidi, na wengi kati yetu hawajui. Kode ya kazi ya 2002 inalazimisha kampuni kukutunza wewe na jamaa yako ukigonjwa, lakini mpaka mwisho wa kontra. Kontra ikiisha, lopitali ya kampuni imeisha. Yaani miaka yote ukiwa na nguvu, mulango uko wazi. Siku vumbi ulilovuta miaka 30 linaanza kukukohoza usiku, siku hiyo njo mulango unafungwa. Muzee anakwenda na feza yake mu mukono ao anarudi na ugonjwa wake. Bamama wa kambi munajua, ni ninyi munaouza kitenge ili kununua dawa.

Tena somo hili halikuanza jana. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile tuliyoiita «départs volontaires», na feza ya Banque mondiale. Walipewa fungu la feza na mukono wa kwaheri. Mutu aliyekuwa na lopitali, na masomo ya watoto, alijikuta na bahasha. Mu 2009 kikundi chao kilipeleka malalamiko mpaka ku kamati ya ukaguzi ya Banque yenyewe. Malalamiko yale yalikuwa na haki, lakini yalikuja nyuma, sahihi zikiwa zimekwisha kukauka.

Na polisi wa hapa, kwa kuwa tulianza na polisi? Muangalie ku rond-point. Mara ngapi unaona muzee wa mvi, koti ya kazi imemupwaya, anasimama mu jua kati ya motokari? Umuulize sababu gani hatoki, akapumzike. Atakujibu: «Nitoke niende wapi?» Siku ya greve ni yeye wanamupanga mbele yetu. Hatuko marafiki, na hatutajifanya. Ila jibu lake na lile la muchimbaji wa miaka 62 anayejificha umri wake ni jibu moja.

Sisi wa sendika nasi tuko na kosa, na tuliseme. Muzee wetu akitoka kazi, tunamufanyia sikukuu ndogo, picha, zawadi ya saa ya ukuta. Halafu? Tunamuona tena siku ya kilio chake, tukibeba shada la maua. Daftari yetu ya memba inamufuta mwezi uleule kampuni inamufuta. Tukikaa na direksio kuzungumuza konventio kolektivu, tunaongea prime, tunaongea mufuko wa unga, tunaongea viatu vya kazi, na ni lazima. Lakini neno «mustaafu» linakuja saa kumi na moja jioni, kila mutu amechoka, direksio inasema «tutaona mwaka ujao», na sisi tunatia sahihi. Mwaka ujao ule tunaungoja toka zamani.

Kwa hiyo, mu mazungumuzo yanayokuja, tunataka jambo moja liwe la kwanza, mbele ya prime: matunzo ya mustaafu na ya mujane wake yaandikwe mu konventio. Hata kama mwanzo ni kidogo: konsiltasio, dawa za presio na za sukari, foto ya mapafu kila mwaka kwa waliofanya mu vumbi. Tuanze na kidogo, lakini na kufuli yake, maneno wazi kwamba kilichoandikwa hakitapunguzwa kwa yule aliyekwisha kutoka, hata kampuni ikiuzwa, hata ikibadilisha jina. Direksio itapigania neno hilo kuliko feza yenyewe. Tukiona hivyo tutajua tumegusa mahali panapouma. Na habari ya senti ku kila tani, tusiicheke. Shaba inahesabiwa, kobalti inahesabiwa, gari zinapimwa mbele ya kupita mupaka. Hesabu iko tayari. Kinachokosa ni mustari mumoja.

Ila kazi ya mufanyakazi mwenyewe haingoji konventio. Wewe uliye ku kazi leo, chukua namba yako ya CNSS, nenda ku gishe, uulize wakuonyeshe miezi yako iliyoingia. Kama hauna namba, hiyo peke yake ni jibu. Usingoje miaka 59. Mutu wa miaka 30 akigundua kampuni haijamuandika, kampuni ingaliko, direkta angaliko, inspektere wa kazi anaweza kuja. Akigundua na miaka 60 anatafuta watu waliokwisha kuhama. Na fishi za mushahara, musizifungie karanga.

Toka juma hili, delege wetu watapita mu kambi na mu karitie na daftari mupya, ya wazee na ya wajane peke yao: jina, kampuni zote alizotumika, miaka, namba kama iko. Hakuna muchango wa kulipa kwa kuandikwa. Mama mwenye sanduku la karatasi za marehemu chini ya kitanda, hata kama mvua ilizilowesha, asichague zipi za kuleta. Alete zote.